Ukitaka Kazi kwa Mhandisi Mshauri, Anza na Daftari

Tangu mitambo ya kujenga barabara ianze kunguruma kati ya Mnivata, Newala na Masasi, simu yangu haipumziki. Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi, wengine nimesoma na dada zao, wengine hata sura siwajui, wana swali moja: "Dada, kazi za barabara zinapatikanaje?" Ukiwauliza wamekwenda kuomba wapi, wote watakutajia geti la kambi ya mkandarasi. Wanasimama pale alfajiri na vyeti vyao vya stashahada, bega kwa bega na waliokuja kutafuta kibarua cha koleo, na wakibahatika wanapewa hilo hilo koleo.

Koleo si aibu. Lakini kijana aliyesomea ujenzi, upimaji au maabara ana mlango wa pili, na mlango huo hauna foleni kwa sababu wengi hawajui kama upo. Ni ofisi ya mhandisi mshauri. Mimi nimepita humo, kwanza maabara ya udongo, baadaye ukaguzi wa kazi, chini ya kampuni za nje zilizokuja kusimamia barabara zetu za Kusini. Ninayowaambia wanaonipigia ndiyo haya, nimeona niyaweke mahali pamoja niokoe vocha zao.

Nani ni nani saitini

Kwenye mradi mkubwa wa barabara, daraja, bandari au maji kuna watu watatu. Yupo mwenye mradi. Kwa barabara kuu na za mikoa ni TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Yupo mkandarasi, mwenye magreda, marola na maboza ya maji. Halafu yupo mhandisi mshauri, kampuni inayolipwa na mwenye mradi ili ichunguze, ichore, isimamie na iseme kama kazi iliyofanyika inastahili kulipwa. Huyu wa tatu hana hata greda moja. Ana ofisi za makontena, pikapu chache, maabara, na makabati yaliyofura mafaili. Ndiyo maana watu hawamwoni.

Chukua Daraja la Umoja pale Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, linalovuka Ruvuma kwenda Negomano upande wa Msumbiji. Lina urefu wa mita 720 na lilifunguliwa Mei 2010. Mwulize mtu yeyote Masasi limejengwa na nani, atakwambia Wachina, na hajakosea. Mkandarasi alikuwa China Geo-Engineering. Lakini kabla nguzo zile hazijasimama mtoni zilisimama kwanza kwenye karatasi za Norconsult, kampuni ya washauri ya Norway. Jina hilo huku kwetu hulisikii likitajwa kijiweni. Hali ni hiyo kila mahali: anayeonekana ni mwenye mitambo.

Kampuni za namna hii zinatoka Denmark, Australia, Japani, Korea Kusini, Tunisia, Ujerumani na kwingineko, na mara nyingi huungana na kampuni ya Kitanzania ili kushinda zabuni. Zina shirikisho lao la kimataifa, FIDIC, lililoanzishwa mwaka 1913, makao yake Geneva. FIDIC ndiyo inayotoa vitabu vya masharti ya mkataba ambavyo wafadhili wengi, ikiwemo Benki ya Maendeleo ya Afrika inayogharimia hizi kilomita 160 za Mnivata hadi Masasi, huvitumia kwenye miradi yao. Kile maarufu ni Kitabu Chekundu, toleo la 1999. Kwa mujibu wa kitabu hicho mkandarasi hapati malipo ya mwezi mpaka mhandisi athibitishe kiasi. Sasa unaelewa kwa nini mtu asiye na greda anaheshimiwa na mwenye magreda ishirini.

Na mshauri mwenyewe anauza nini? Mkandarasi anauza lami. Mshauri anauza maandishi yanayosema lami hiyo inafaa au haifai, na maandishi hayo yanatakiwa yasimame hata mbele ya wasuluhishi miaka kadhaa baadaye, wakati waliokuwepo saitini wameshatawanyika. Ukilishika hilo umeshawapita wengi wanaoomba kazi wakijisifu kwamba "wanajua mashine".

Daftari lenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapofeli.

Mkaguzi wa mshauri anapewa kitabu cha kumbukumbu za kila siku. Wageni wengi hukiona kama usumbufu wa kujazia jioni, wakishaoga. Wanaandika: "Kazi imeendelea vizuri. Mkandarasi mzembe kidogo." Sentensi kama hiyo haimsaidii mtu yeyote. Vizuri kwa kipimo gani? Uzembe upi, wapi, saa ngapi?

Kumbukumbu inayofaa inasomeka hivi:

"Saa 4:10 asubuhi. Km 31+400 hadi 31+600, upande wa kulia. Tabaka la pili la G15. Rola moja inafanya kazi. Ya pili imesimama tangu saa 2:00, bomba la haidroliki limepasuka. Boza moja. Wafanyakazi 9. Jua kali. Nimemwambia fomeni asimwage tabaka linalofuata kabla ya kipimo cha msongamano. Amekubali."

31+400 ni kilomita 31 na mita 400, G15 ni daraja la udongo nitakalolieleza mbele, na kipimo cha msongamano kinaonyesha udongo umeshindiliwa kiasi gani. Hakuna tusi, hakuna maoni. Mtu aliyeko ng'ambo akiisoma anaiona siku yako. Na iandike pale pale, umesimama juani, kwa kalamu ya wino, si kwa penseli. Ukikosea kata mstari mmoja neno lisomeke, weka sahihi pembeni. Usichane ukurasa. Kitabu chenye ukurasa uliochanwa hakiaminiki tena, hata kama ulichochana ni hesabu zako za kikoba.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu ya madai. Mkandarasi anayeona amecheleweshwa au ameongezewa gharama kwa jambo lisilo lake ana haki ya kudai muda na fedha. Kwa masharti yale ya 1999 anatakiwa atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipolijua jambo hilo, au alipopaswa kulijua. Taarifa ikishafika, mhandisi mkazi, mkuu wa ofisi ya mshauri ambaye saiti nzima inamwita RE, hamwiti mtu na kumwuliza "unakumbuka?" Anaita vitabu. Akikuta kitabu cha mkandarasi kimejaa na cha mkaguzi wake kina "kazi imeendelea vizuri", serikali ndiyo itakayolipa.

Nitoe mfano wa mvua, maana Kusini mvua ndiyo shahidi mkuu. Msimu wetu ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo kazi za udongo husukumwa zote kiangazi. Mvua ikikataa kukatika, mkandarasi ataandika kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya kupita kawaida, na Kitabu Chekundu kinamruhusu kudai muda kwa sababu hiyo. Hapo litaulizwa daftari la kipima mvua. Kile kichupa kilichochomekwa nyuma ya maabara, ambacho kila mtu anakipita kama hakipo, kinakuwa na thamani kuliko pikapu.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kukisoma, kisome saa 3 asubuhi, kila siku, Jumapili na Idd zikiwemo. Siku isiyo na mvua andika 0. Usiache wazi. Pengo halisemi "hakukunyesha". Linasema "hakuna aliyesoma", na wakili mzuri akiona mapengo manane ndani ya mwezi atalitupa daftari zima. Nimewahi kumfundisha kijana wa Mikindani aliyekuja kwetu kama mlinzi jinsi ya kusoma kipima mvua, akawa anakisoma vizuri kuliko mafundi wenye vyeti. RE alimhamishia maabara. Siku hizi anapima zege.

Picha ni nyongeza tu. Piga, lakini weka ubao wenye namba ya kilomita na tarehe ndani ya picha. Picha ya shimo bila namba ni picha ya shimo tu, laweza kuwa la Nachingwea au la Tandahimba.

Ijue ardhi ya kwenu

Mzungu au Mkorea anayekuja kuwa mhandisi wa vifaa, yaani wa udongo, kokoto, zege na lami, anajua mengi kuliko wewe kuhusu lami. Kuhusu udongo wa kwenu unaweza kumzidi, ukijua kuueleza kwa lugha yake.

Panda Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba. Udongo ni mwekundu, una mchanga, unazama kina kirefu, na maji ya juu hakuna. Bibi zetu waliteremka mabondeni kuyafuata kwa ndoo. Kwa barabara maana yake ni mambo mawili. Kokoto na changarawe nzuri hazipo karibu, zinasombwa kutoka mbali, na bei ya usombaji ndiyo inayokula bajeti. Pili, kila lita ya kushindilia inakuja na boza. Ukichanganya udongo na saruji, saa inaanza kuhesabu. Boza likikwama mlimani, saruji haingoji, inaanza kukaza kabla rola haijapita. Mkaguzi anayejua ni muda gani boza linatumia kupanda kutoka bondeni anaweza kusimamisha uchanganyaji mapema, kabla hasara haijatokea. Hicho hakimo kwenye kitabu chochote.

Teremka sasa pwani ya Lindi, kwenye mabonde ya barabara ya kwenda Dar es Salaam. Humo utakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama. Barabara ikilazwa juu yake bila kuutoa au kuudhibiti, inaanza kuyumba mwaka wa pili. Ukipita na wapimaji, usingoje majibu ya maabara ndipo useme. Sema mapema, "hapa masika gari hazipiti," uandike, sampuli ichukuliwe pale pale.

Sasa vitabu. Wizara ya Ujenzi ina mwongozo wa usanifu wa matabaka ya barabara wa mwaka 1999, wa vipimo vya maabara wa mwaka 2000, na wa vipimo vya saitini wa mwaka 2003. Visome kabla ya usaili. Ujue kwamba G15 ni udongo wenye CBR, yaani kipimo cha uwezo wa kubeba mzigo, isiyopungua 15, G45 isiyopungua 45; kwamba C1 na C2 ni tabaka zilizochanganywa na saruji au chokaa; kwamba tofali za zege za milimita 150 huvunjwa siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu ya zege. Ujue kipimo cha msongamano kwa mchanga kuanzia kuchimba kishimo mpaka hesabu ya mwisho, kwa mkono, bila kompyuta. Nimekaa kwenye usaili upande wa wanaouliza, na swali letu la kwanza lilikuwa hilo hilo: "Tueleze unavyochimba kile kishimo." Aliyewahi kukichimba anajulikana kwa mikono yake anapojibu.

Kuna kazi nyingine ambayo mgeni hawezi kabisa kuifanya bila wewe. Kabla ya kuchora kalavati au daraja, washauri hutafuta kujua maji yalipanda mpaka wapi miaka iliyopita. Takwimu za mito yetu midogo ni haba, kwa hiyo wanauliza wazee. Na namna wanavyouliza, kupitia mkalimani wa kuokoteza, inasikitisha. "Mzee, maji hujaa sana hapa?" Mzee kwa adabu zake anajibu "sana", mgeni anaandika, wanaondoka.

Wewe anza na shikamoo, kaa kwenye mkeka, uliza habari za watoto. Halafu uliza matukio: "Babu, kile kimbunga cha 1952 mlikuwa mnaishi wapi?" Wazee wa Lindi waliobaki wanakijua kimbunga kile cha Aprili, kuna wanaohesabu umri wao kwa hicho. "Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, mlihamisha mbuzi wakapelekwa wapi? Mtumbwi ulifungwa kwenye mti upi?" Atakuonyesha mti. Mpimaji aweke fimbo pale. Hapo umepata namba, na namba hiyo itasaidia kuamua daraja liwe na kimo na urefu gani. Kilipokuja kimbunga Hidaya Mei 2024 barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika sehemu kadhaa, Somanga ikiwemo, mabasi yakalala njiani na bei za vitu Mtwara mjini zikapanda. Sasa na wewe kaandike alama za Hidaya kijijini kwenu, watu wangali wanakumbuka; baada ya miaka kumi zitakuwa zimefutika ukutani.

Kusema hapana

Hili ni gumu kwa sisi watu wa Kusini. Tumelelewa kutomkatalia mkubwa usoni. Mtu akikuomba jambo usiloliweza unasema "tutaangalia", naye anaelewa kwamba haliwezekani. Wageni hawaelewi. Ukimwambia RE "tutaangalia", kwake umekubali, na kesho atadai.

Jifunze jibu fupi: "Hapana, kipimo kimefeli, ni asilimia 91, kinachotakiwa ni 95." Kisha nyamaza. Usiongeze pole, usijitetee. Kwa fomeni pia ni hivyo hivyo, hata akikuita "binti yangu" na akakukumbusha kwamba ameanza kazi hizi wewe hujazaliwa. Mimi hujibu, "Ni kweli baba, na kipimo bado ni 91." Anacheka, anarudisha rola.

Na ujue kusema hujui. Nilifanya kazi na RE mmoja, mzee wa Kidenmark mpole sana, ambaye hakuwahi kumkaripia mtu kwa kutojua. Aliyemdanganya mara moja, hata kwa jambo dogo la saa ya kufika, alihamishiwa kwenye kuhesabu malori ya kifusi getini na akabaki huko.

Soda ya fomeni

Nitasema kwa ufupi kwa sababu kila mtu anajua tunachozungumzia. Rushwa ya saitini haianzi na bahasha. Inaanza na soda baridi mchana, vocha, lifti ya kwenda mjini Ijumaa, nusu tangi ya petroli ya pikipiki ya mumeo. Kwenye mradi mmoja, fomeni alimletea mama yangu gunia la saruji nyumbani bila mimi kuwepo. Nililirudisha na gari la kampuni mchana kweupe, dereva akiwa shahidi, na nikaliandika kwenye daftari la siku ile kama ninavyoandika mvua. Hakuna aliyekasirika. Kilichoandikwa wazi hakina pa kuoteshea majungu.

Panda gari la mshauri. Kula chakula chako. Kama kambi ni moja na kantini ni ya mkandarasi, lipa na uchukue risiti.

Dada zangu, nyongeza yenu: dai buti za saizi yenu siku ya kwanza, na choo chenye mlango. Vyote viwili huwa vimo kwenye masharti ya usalama na mazingira ambayo mkandarasi ameshasaini. Hamuombi hisani.

Wanakijiji watakuuliza wewe

Ukivaa kizibao chenye nembo, kila mwenye mkorosho atakufuata. Atataka kujua kama nyumba itabomolewa, kama mikorosho italipwa, lini. Wewe ni mtoto wa nyumbani, unaongea lugha yake, anakuamini kuliko injinia. Hapo hapo ndipo hatari ilipo. Neno lako la kumpoza litanukuliwa mpaka ofisi ya mkuu wa wilaya.

Mweleze unachokijua kwa hakika: eneo la hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, tangu sheria ya barabara ya 2007, anayethamini mali ni mthamini, si mkaguzi wa barabara, na kabla ya kusaini fomu ahesabu miti yake mwenyewe, mikubwa na michanga, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na abaki na nakala. Zaidi ya hapo mpeleke kwa ofisa wa jamii wa mradi. Usitaje bei ya mkorosho. Usitaje mwezi wa malipo. Mtwara tuliyaona ya vurugu za bomba la gesi mwaka 2013. Ahadi zilizosemwa nusunusu zina gharama.

Kuingia sasa

Wahandisi waandamizi majina yao huingizwa tangu kwenye zabuni. Kampuni zinapogombea kazi ya ushauri, wasifu wa watu wao hupewa alama, na mara nyingi ubora una uzito mkubwa kuliko bei, mathalani 80 kwa 20. Kwa hiyo kama wewe ni mhandisi mwenye uzoefu, kampuni zitakutafuta zikiomba wasifu na sahihi yako. Toa, lakini uliza ni zabuni gani, nafasi gani, miezi mingapi, na wapate ridhaa yako kwa maandishi. Kuna wafadhili wanaokataza jina moja kuonekana kwa wagombea wawili, na ukigawa wasifu kama kadi ya harusi unaweza kuziangusha kampuni zote mbili. Wapo pia wanaoutumia wasifu wako kushinda halafu wanaomba kukubadilisha na mtu wa bei rahisi. Barua ya makubaliano inakusaidia kuuliza.

Mafundi sanifu, wakaguzi, watu wa maabara na wapimaji wasaidizi hawaajiriwi hivyo. Tunaajiriwa hapa hapa, mshauri anapofungua ofisi. Anayekuchagua ni RE au mhandisi wa vifaa, kwa hiyo barua iende kwao, saitini, si makao makuu ya ng'ambo. Na uwahi, ila si mno: maabara na ofisi za mshauri kwa kawaida hujengwa na mkandarasi kama sehemu ya mkataba wake, na mara nyingi huchelewa. Ukiona makontena yanashushwa na vifaa vya maabara vinafunguliwa kwenye masanduku, siku hiyo ndiyo ya kupeleka barua. Angalia kalenda pia. Msimu wa korosho ukianza watu wengi hurudi mashambani na saiti hupungukiwa mikono. Nafasi hujitokeza wakati huo.

Jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iwe kama mhandisi mhitimu au fundi sanifu. Bodi ina mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahitimu, ulioanza 2003, na mafunzo ya miaka mitatu chini ya mhandisi anayekusimamia ndiyo yanayokupeleka kwenye usajili kamili. Hata wahandisi wa nje hawaruhusiwi kufanya kazi hapa bila usajili wa muda wa bodi hiyo hiyo. Ukikaa chini ya mshauri mzuri, mwombe tangu mwezi wa kwanza akusainie kitabu cha mafunzo kila robo mwaka. Akishapanda ndege, kumpata ni kazi.

Kingereza chako kisikutishe, taarifa za saitini ni fupi na maneno yake ni yale yale. Hesabu za jedwali kwenye kompyuta ndizo muhimu zaidi. Jifunze mpaka uweze kutengeneza fomu ya msongamano mwenyewe.

Mkataba wako utakuwa wa mradi, sio wa maisha. Usome: mshahara kabla na baada ya kodi, NSSF, nani analipa nyumba kama kambi iko Kitangari na kwenu ni Kilwa, malipo ya ziada usiku wa kumwaga zege. Mwingine atakuajiri kupitia wakala. Jina la wakala ndilo litakuwa kwenye mkataba, sio la kampuni ya kigeni, na hiyo ina maana yake siku mshahara ukichelewa. Kazi ikikabidhiwa, hufuata kipindi cha uangalizi, mara nyingi mwaka mmoja, na ofisi ya watu thelathini inabaki na watatu. Weka akiba kwa ajili ya miezi hiyo, ng'ombe wa mradi hakamuliwi kiangazi chote.

Na kabla RE hajafunga makontena, mwendee na barua uliyoiandika mwenyewe, akusainie. Isiseme kwamba wewe ni mfanyakazi hodari mwenye tabia njema. Barua za hivyo ziko elfu. Iseme barabara gani, kilomita ngapi, vipimo vya aina gani umevifanya na kwa idadi, tabaka zipi umezikagua, daraja lipi, kuanzia tarehe gani hadi gani, chini ya mhandisi gani mwenye namba gani ya usajili. Idadi zote utazipata kwenye daftari lako. Weka nakala mbili, moja kwa mama.